Sabuni ya Segese

Segese, Kahama
3 Agosti 1985

Mdogo wangu Clemens,

Pokea salamu za huku ambako pamba imeshauzwa na watu wamerudi kulala mchana. Watoto wazima, na Anisia ameota jino la mwisho, analia kama mtoto mchanga ingawa ni msichana mkubwa. Mama nilimwona Ushirombo mwezi wa tano. Anauliza kama kile kikohozi kimekuacha.

Nakuandikia kwa jambo moja. Nimeanza kutengeneza sabuni.

Usicheke kwanza. Unaijua hali ilivyo. Duka la kijiji halijaona mche wa sabuni tangu Pasaka. Tunafulia majani ya mpapai, na Jumapili kanisani ukikaa nyuma unaona mashati yote yamekuwa rangi moja, rangi ya chai. Nilipokwenda kwa mama niliingia misheni kusalimia, nikamkuta Bruda Otmar, yule mzee wa karakana, anachemsha maji ya majivu pamoja na mafuta ya ng'ombe ndani ya pipa. Nikamwuliza anapika nini. Akasema, "Napika usafi." Nikakaa kwake wiki nzima nikijifunza.

Sasa napika hapa nyumbani. Kwa kuwa natumia majivu ya mabua ya pamba, sabuni yangu ni laini kama uji mzito, watu wanakuja na vibuyu. Nina msaidizi, Lukresia, msichana wa kwetu Ushirombo aliyeolewa hapa. Mume wake alikwenda machimbo ya upande wa Geita akasahau njia ya kurudi. Ana mikono yenye nguvu na hachoki kukoroga.

Lakini uani kwangu hapafai tena. Moshi unaingia kwa jirani na mbuzi wake wanalamba masufuria. Lile ghala la zamani la ushirika, la pamba, limekaa tupu, wanalala popo tu. Nilimwomba Mwenyekiti Masele. Alinijibu kwa adabu sana: "Mama Anisia, lete leseni, nami nitakupa ufunguo."

Wewe umekaa kwenye dawati la leseni pale Shinyanga miaka yote hii. Ndiyo maana nakuandikia wewe kabla ya mtu mwingine.

Dada yako,
Paskazia


Ngokolo, Shinyanga
29 Agosti 1985

Dada Mama Anisia, shikamoo.

Barua yako nimeipokea na yaliyomo nimeyaelewa. Sisi hatujambo. Salvina na watoto wanakuamkia. Kikohozi kilikwisha, mwambie mama.

Kuhusu leseni, utaratibu ni kwamba haitolewi kwa mtu asiye na jengo. Mkaguzi lazima aone mahali kazi itakapofanyika, kama kuna maji, kama kuna hewa, kama moto hautaunguza jirani. Kwa hiyo tafuta jengo kwanza.

Naomba pia usisahau mwaka themanini na tatu. Watu walizika sukari mashambani, na wengine walitupa vitenge mtoni hata kama walivinunua kihalali, kwa sababu hakuna aliyejua nani ataitwa mlanguzi kesho. Ni kweli upepo umegeuka, sasa watu wanaruhusiwa kuagiza vitu na maduka yameanza kupata rangi. Lakini upepo uliogeuka unaweza kugeuka tena. Wewe ni mjane, una watoto na una shamba. Shamba halihitaji leseni.

Suala lako nitalitazama. Usifanye haraka.

Mdogo wako,
Clemens


Segese, Kahama
6 Oktoba 1985

Clemens ndugu yangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta mahali uliponiandikia mimi, si mwombaji yeyote wa dirishani.

Hebu tazama. Masele anasema leta leseni upate jengo. Wewe unasema leta jengo upate leseni. Nimezunguka kati yenu kama ng'ombe wa kukamua alizeti, na mafuta hayatoki.

Wakati huo huo watu hawangoji. Wachimbaji wa dhahabu wameongezeka, wamejaa vilimani huko nyuma, wengine wametoka hadi Ukerewe. Wanatoka mashimoni wekundu toka nywele hadi kucha. Wanakuja na debe wakitaka sabuni, tena wanataka ngumu, ya kukata kwa kisu, ambayo mtu anaweza kuiweka mfukoni. Bruda alinieleza kwamba kwa sabuni ngumu inatakiwa kostiki soda, dawa kali ya kiwandani, badala ya majivu. Duka linaloiuza liko Mwanza, lakini haliuzi kwa mtu asiye na leseni. Umeona tena?

Lukresia alisema jana, "Mama, kama hawataki tufanye, si waseme wazi?" Nilimwambia kaka yangu wa mjini analishughulikia.

Niambie ukweli. Unaona aibu kwamba dada yako ananuka mafuta ya ng'ombe?

Paskazia


Ngokolo, Shinyanga
2 Novemba 1985

Dada, shikamoo.

Nina kazi nyingi, nisamehe kwa ufupi. Jambo lako lipo mezani, linasubiri zamu. Usije Shinyanga, mvua zimeanza na njia ya Kahama mbaya. Nitakuandikia litakapokuwa tayari.

Sioni aibu juu yako.

Clemens


Ngokolo, Shinyanga
9 Desemba 1985

Clemens,

Naandika hapa nyumbani kwako, kwenye meza yako, nawe hupo. Salvina atakupa barua hii Jumamosi utakapokuja.

Lori lilikwama njiani, tukalisukuma, nikafika na tope hadi magotini. Niliosha miguu bombani, nikavaa kitenge changu cha Pasaka, nikaenda moja kwa moja ofisini kwenu. Nilimwambia kijana wa mlangoni nataka kumwona Bwana Clemens wa leseni. Akaniletea kiti kwanza. Mtu akikuletea kiti kabla ya kukujibu, ujue habari si njema. Akasema, "Mama, Bwana Clemens alipunguzwa kazi mwezi wa sita, yeye na wenzake wengi."

Mwezi wa sita. Nilipokuandikia barua ya kwanza ulikuwa tayari huna dawati.

Nilirudi hapa nikamwuliza Salvina. Aliendelea kupepeta mchele mpaka ukawa mweupe kuliko inavyotakiwa, halafu akakaa chini akalia. Ameniambia uko Isaka, unapakua mizigo stesheni, unalala kwenye chumba cha kupanga na vibarua, na unarudi hapa Jumamosi umevaa lile shati la ofisi ili majirani wasijue. Ameniambia mkono wako mmoja ulibanwa na kreti. Kuhusu mkono hukuniandikia, lakini kuhusu mvua uliniandikia.

Nililia, sikufichi. Nililia kwa hasira, kisha nikaona hasira haina pa kwenda. Miezi yote hii nilidhani unanionea aibu mimi. Kumbe ulikuwa unajionea aibu mwenyewe, na tulikuwa tunaandikiana kama watu wawili waliojificha nyuma ya mlango mmoja.

Mdogo wangu, mimi nilikuomba msaada kwa sababu wewe ni Clemens. Dawati nililitaja tu. Kupakua behewa ni kazi. Baba yetu alipasua mawe ya kanisa na hakuna aliyemdharau.

Kesho narudi Segese. Sitamwambia mama, utamwambia wewe.

Dada yako,
Paskazia


Isaka
20 Desemba 1985

Dada yangu, shikamoo.

Nimeketi juu ya magunia ya chumvi kukuandikia. Mara ya kwanza niliposoma barua yako nilitoka nje nikatembea kando ya reli mpaka taa za stesheni zikawa ndogo. Nilitaka kumkasirikia Salvina nikashindwa. Usiku ule nililala vizuri, jambo ambalo halikuwa limenitokea tangu mwezi wa sita.

Sina la kujitetea. Nilipoitwa na kuambiwa jina langu limo kwenye punguzo, niliwaza juu yako na mama kabla ya kuwaza nitakula nini. Ninyi ndio mliouza ng'ombe ili mimi nisome. Nikaona nikae kimya mpaka nipate kazi nyingine ya kukaa kwenye kiti. Kiti hakikupatikana.

Sasa nikusaidie kwa nilicho nacho. Niliketi kwenye dawati lile miaka mingi, najua linavyofanya kazi, na sasa hakuna anayenizuia kusema.

Mtu wa dawati si adui yako. Anaogopa. Kila anayeketi pale anaogopa kusema ndiyo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuitwa na mkubwa kuulizwa kwa nini alisema hapana. Masele naye anaogopa vivyo hivyo. Akikupa ghala bila karatasi, kesho atasimamishwa mkutanoni aambiwe ameligawa kwa mlanguzi. Hao wawili kila mmoja anamngoja mwenzake atangulie. Basi usimwombe Masele ghala. Mwombe aandike kwamba serikali ya kijiji imekubali kukupa ghala endapo utapata leseni. Neno hilo "endapo" halimgharimu chochote. Lakini mtu wa leseni akiliona, tayari una jengo, naye anaweza kusema ndiyo bila kutetemeka.

Na usiende mkutanoni mikono mitupu. Kijiji kione kwamba nacho kina faida humo. Fikiria shule, fikiria zahanati.

La mwisho. Nilipokuwa mtu wa ofisi nisingeweza kukusafirishia hata kiberiti. Hapa Isaka napafahamu. Treni ya kutoka Mwanza inasimama hapa, na malori yanapakia kwenda Kahama na kuendelea magharibi. Kuna dereva anaitwa Marcel, mtu wa Ngara, hupeleka vipuri vya pampu kwa wachimbaji wa kwenu. Ukipata leseni, kostiki yako itashuka mikononi mwangu na kupanda lori lake.

Januari nitakwenda Ushirombo kumwambia mama.

Mdogo wako, mpakuaji,
Clemens


Segese, Kahama
13 Aprili 1986

Clemens wangu,

Tumepata!

Mkutano ulikuwa chini ya paa la shule kwa sababu ya mvua. Nilisema maneno yako kama ulivyoniandikia, halafu nikaongeza kwamba mche mmoja katika kila sanduku utakwenda zahanati, na shule itapata ya kunawia watoto. Mzee Ngassa, unamkumbuka, mwenye ng'ombe wengi, alisimama akapinga. Alisema leo ni sabuni, kesho huyu mama atakuwa tajiri atununue sote pamoja na ng'ombe. Watu wakanong'ona. Wapo waliotikisa kichwa kumwunga mkono, na sikuwashangaa. Miaka yote tumefundishwa kumwogopa anayeuza.

Nikasimama nikasema, "Mwenye nguo iliyofuliwa kwa sabuni ya mche mwaka huu anyooshe mkono." Hakuna mkono uliopanda. Kisha mke wa Ngassa mwenyewe akacheka, na wanawake wote wakacheka, na wanaume wakaanza kujitazama mashati.

Masele akangoja kicheko kiishe. Akasema, "Ndugu zangu, popo wamekaa ghalani miaka mitano. Hawajalipa ushuru hata siku moja." Basi neno "endapo" likaandikwa, likapigwa mhuri wa kijiji. Wazee wakaniambia kwa Kisukuma wabeja, mayu, asante mama, kama vile mimi ndiye niliyewapa kitu.

Kule ofisini yule bwana wa leseni alilisoma neno lile mara mbili. Niliona mabega yake yakishuka. Akaja mkaguzi, akatazama kisima, akapiga chafya kwa ajili ya popo, akasema tutoboe dirisha moja zaidi. Lukresia alilitoboa siku hiyo hiyo kwa sururu ya kuazima.

Kostiki ilifika salama. Marcel aliibeba mbele karibu naye kwa vile ulimtisha kwamba ikilowa itamla. Tumepika mapishi ya kwanza ya sabuni ngumu. Tunaimimina kwenye masanduku ya mbao, asubuhi tunaikata kwa waya. Clemens, ukiiona! Ina rangi ya maziwa ya jana.

Bruda amesisitiza ikae rafuni mwezi mzima ukali uishe. Lakini wachimbaji wanagonga mlango kila siku, na wengine wanashika mche na kuunusa kama mkate.

Paskazia


Isaka
25 Mei 1986

Dada, shikamoo.

Nakuandikia kwa haraka, Marcel anawasha gari. Kwenye kibanda cha chai hapa madereva wanazungumza kwamba sabuni ya Segese inakula mikono. Mmoja anasema mtu amekufa. Marcel amekataa, anasema ni uzushi, lakini naye hakuwa na uhakika. Nini kimetokea? Hujaandika tangu Aprili.

Clemens


Segese, Kahama
30 Juni 1986

Mdogo wangu,

Hakuna aliyekufa. Mengine ni kweli.

Niliuza kabla ya wakati. Wachimbaji walisongamana mlangoni, mvua ilinyesha tena na sabuni haikukauka vizuri, nami nikajiambia wiki mbili si mbaya. Lukresia alinikataza. Alisema, "Mama, Bruda alisema mwezi." Nikamwambia Bruda hana watu mlangoni.

Siku chache baadaye akaletwa kijana mmoja, Maganga, mchimbaji wa kutoka Bukombe. Alikuwa ameogea ile sabuni na kuiacha mwilini huku akiongea na wenzake. Mikono yake ilikuwa imechubuka mpaka kwenye viwiko, imevimba kama iliyochovywa uji wa moto. Wenzake walikuja naye wameshika machepe. Sikukimbia, lakini nitakuambia, miguu yangu ilitaka.

Jioni ile Masele akaja. Hakukaripia. Alisimama mlangoni akanyoosha mkono, akaniomba ufunguo. Nikampa.

Usiku sikulala, na asubuhi nikaona kuna mambo mawili tu ya kufanya, kujifungia au kwenda. Tukachukua baiskeli na vikapu, mimi na Lukresia, tukaenda machimboni shimo kwa shimo, tukiomba radhi na kuikusanya ile sabuni mbichi. Tuliyemkuta na kipande tulimrudishia fedha yake. Wapo waliotutukana. Mmoja alinitupia mche ukanipiga begani, nikauokota nikautia kikapuni.

Maganga alikuwa amelala kwenye kibanda cha nyasi, peke yake, kwa sababu asiyechimba hapati chakula cha kundi. Nilimpeleka zahanati. Kisha kila siku nilikwenda kumfulia nguo, kumtekea maji, kumpikia ugali na kumlisha, maana vidole havikukunjika. Siku za mwanzo aligeukia ukutani. Aliniambia, "Siwezi kushika chepe kwa sababu yako." Nikamjibu, "Najua. Fungua mdomo."

Mikono ilipoanza kupona aliniuliza kwa nini nilikuja, kwa vile watu wakiharibu hapa hupanda lori kwenda Kahama, na kesho hukuti hata majivu yao. Nikamwambia mimi nakaa hapa.

Ile sabuni tuliyoikusanya, pamoja na iliyobaki rafuni, ilikaa mpaka mwezi ukapita. Maganga akasema anataka kuijaribu. Nilimkatalia. Akaja nayo kisimani mbele ya wenzake, Jumapili, akanawa hadi mabegani, akasimama juani akingoja. Hakuna kilichotokea. Ngozi mpya, nyororo, tena safi. Watu walimzunguka wakimgusa kama aliyefufuka.

Masele amenirudishia ufunguo, kwa sharti moja: hakuna mche utakaotoka ghalani kabla yeye mwenyewe hajaunawia. Kwa hiyo kila mapishi yakifikisha mwezi, Mwenyekiti wa kijiji anakuja na taulo shingoni, ananawa mlangoni mbele ya watu, na watu wanangoja kuona kama atapiga kelele. Imekuwa kama gulio.

Waambie madereva hivyo.

Paskazia


Isaka
8 Septemba 1986

Dada, shikamoo.

Niliwaambia, nao wakaagiza. Habari ya Mwenyekiti na taulo imefika Tabora. Hakuna tangazo ambalo lingenunua kicheko kile.

Nimekodi kibanda karibu na stesheni, nauza sabuni yako asubuhi kabla ya kupakua na jioni baada ya kupakua. Mwezi ujao nadhani nitaacha kupakua. Salvina na watoto watahamia huku. Amechoka kupiga pasi shati la uongo. Mama aliponitazama Januari aliniambia kitu kimoja tu, "Umekonda, kula," akanipa kuku.

Jambo moja linanisumbua. Marcel anasema lori linarudi kutoka kwenu nusu tupu. Anakuja kwa sababu ya urafiki, na urafiki hauwekwi kwenye tangi. Ongeza mapishi.

Clemens


Segese, Kahama
1 Machi 1987

Clemens,

Mapishi siwezi kuongeza. Nitakueleza kwa nini, na nataka shauri lako.

Lukresia anataka kuondoka. Alikuja wiki iliyopita amevaa vizuri, akapiga magoti kunisalimia ingawa huwa hapigi, nikajua. Anataka kuanza sabuni yake mwenyewe. Amekwenda kwa Masele kuomba ile nusu ya ghala ambayo hatuitumii. Masele akaja kwangu. Akaniambia, "Mama Anisia, wewe ndiye uliyeanza. Ukisema hapana, itakuwa hapana."

Nimeumia. Mimi ndiye niliyemfundisha kukoroga, kupima ukali kwa manyoya ya kuku mpaka yayeyuke, kukata kwa waya. Tulisukumana na baiskeli ile pamoja. Na sasa atakaa ukuta kwa ukuta na mimi, anawauzia watu wale wale.

Nifanye nini?

Paskazia


Isaka
10 Machi 1987

Dada, shikamoo.

Sema hapana. Sisemi kwa ubaya. Nampenda Lukresia, lakini soko la sabuni hapa bado changa, na wateja uliowapata kwa jasho lako na ngozi ya Maganga atawapata bure. Mwache akajaribu Kahama, mji mkubwa, una nafasi. Au mpandishie ujira abaki. Usimkaribishe nyoka ghalani kwa sababu tu ni wa kwenu.

Nimefikiri sana kabla ya kuandika hivi.

Clemens


Segese, Kahama
17 Mei 1987

Mdogo wangu Clemens,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikutaka kukujibu kwa maneno.

Barua yako ilipofika nilifurahi, nikiri. Ilisema nililotaka kusikia. Nikavaa kwenda kwa Masele kusema hapana. Njiani nikapita ghalani, nikamkuta Lukresia anafagia, hata ile nusu isiyo yetu. Hakunyanyua kichwa. Nikamwuliza kwa nini asibaki, ningemwongezea ujira. Akasema, "Mama, ujira si mbaya. Nataka nikikosea, niwe nimekosea mimi."

Nilikaa juu ya sanduku. Nikamwambia anieleze anataka kupika nini. Kumbe hataki ya kufulia. Anataka ya kuogea, ndogo, ya mviringo, yenye mafuta ya mchaichai, kwa wanawake wanaokuja siku za gulio na wanaolipwa na wachimbaji kwa kupika na kufua. Alikuwa nayo moja kwenye kanga. Niliinusa. Mimi sikuwahi kuwaza kwamba kuna mtu anataka kunukia. Miaka hii yote nilikuwa nawaza uchafu tu.

Halafu nikamkumbuka Marcel wako na lori lake nusu tupu. Mimi peke yangu sitalijaza hata nikikoroga usiku na mchana. Wawili tutalijaza. Kostiki tutaagiza pamoja, pipa zima. Na mnunuzi wa Kahama ambaye hawezi kuja mpaka huku kwa ajili ya mche mmoja, atakuja kwa ajili ya aina mbili. Uliniambia ukweli mwingi, Clemens, na nimeufuata wote isipokuwa huu mmoja. Ulihesabu wateja waliopo. Mimi nimejaribu kuhesabu ambao bado hawajaanza kuja.

Nilikwenda kwa Masele na kumwambia ampe. Nikasimama naye mkutanoni, na Mzee Ngassa alipoanza kunyanyuka kusema neno, mke wake alimvuta koti.

Sikufichi, moyo haujatulia wote. Wiki mbili za kwanza nilikuwa nasikiliza ukutani nani anaingia kwake. Kuna mteja wangu wa zamani amehamia kwake moja kwa moja, na ananisalimia kwa sauti kubwa kuliko zamani. Lakini Marcel aliondoka juzi amejaza mpaka kamba za turubai hazikutosha, akaazima za Maganga.

Asubuhi hii moshi umepanda pande zote mbili za ghala. Akaja mnunuzi mgeni kutoka Kahama, akasimama katikati, akatazama mlango wangu, akatazama mlango wa Lukresia, akaniuliza sabuni nzuri ni ya nani.

Nikamwambia anuse zote mbili.

Dada yako,
Paskazia